Mshale na Nne

Asubuhi Papa Symphorien alipoanguka, alikuwa amebeba beseni ya vyombo vilivyotoka kuchemshwa. Emérita alisikia kwanza mlio wa beseni sakafuni, kisha mlio mzito wa mwili. Alitoka mbio kwenye chumba cha kuzalishia, akamkuta infirmier huyo, muuguzi wa dispanseri, amelala ubavu kati ya makasi na sindano za kioo zilizovunjika, mkono wake wa kushoto ukipigapiga simenti kana kwamba anabisha hodi.

Homa ilikuwa imemwanza siku tatu kabla. Lakini infirmier gani atalala kitandani wakati watu thelathini wanamngoja barazani? Alimeza vidonge viwili vya kinini, akaendelea kufunga vidonda na kupima watoto. Sasa macho yake yalikuwa wazi na hayakuona kitu. Meno yalikuwa yamebana ulimi, na ngozi iliwaka moto hadi Emérita akavuta mkono wake.

Dispanseri ya Ntoto ilikuwa na wafanyakazi hao wawili tu. Symphorien alikuwa Mhunde wa milima ya Masisi, mtu wa miaka arobaini na minane, aliyesomea kazi yake kabla ya uhuru. Emérita alikuwa binti wa hapohapo Ntoto, miaka ishirini na sita, aliyefundishwa na masista kuzalisha akina mama. Kifaransa alikisoma polepole, kidole juu ya mstari. Zamani daktari alikuwa akipita na jeep kila mwezi. Baada ya 1960 hakuonekana tena. Na mwaka ule wa 1966, mvua za mwezi wa nne zilikuwa zimekata daraja, hata lori la chumvi halikufika.

Waliokuwa barazani walimsaidia kumbeba hadi kitandani. Mama Annonciata, mke wa Symphorien, aliitwa kutoka shamba la maharage, akaja na matope miguuni hadi magotini.

"Iko na nini?" aliuliza mlangoni, hajaingia.

"Ni malaria, Mama. Imepanda mu kichwa."

"Basi mupatie dawa. Dawa haiko?"

"Iko."

Ilikuwepo kweli. Kabatini kulikuwa na sanduku la ampule za kinini, vile vichupa vidogo vya sindano, na chupa tano za serumu, maji ya kutundikwa, na mpira wake na sindano yake. Baadaye, katika miaka yote iliyofuata, jambo hilo ndilo lililomuumiza Emérita kuliko mengine: dawa ilikuwepo, na maandishi ya namna ya kuitoa yalikuwepo pia.

Maandishi yalikuwa katika kaye moja, daftari lenye jalada la bluu. Kitabu cha daktari, kile kikubwa kilichoeleza kila ugonjwa kwa sentensi ndefu, kilikuwa kimeliwa na mchwa. Symphorien alikuwa ameona mchwa wakikimaliza, akajitahidi kuokoa kilichomo kabla hakijawa vumbi. Karatasi hazikupatikana. Alikuwa na kaye moja ya shule, yenye kurasa thelathini na mbili, na magonjwa yalikuwa mengi kuliko kurasa. Kwa hiyo alikata maneno. Kila dawa akaipa herufi. Mahali pa maneno akaweka mistari, misalaba, mishale, nukta na viduara. Ugonjwa uliokula kurasa nne katika kitabu cha daktari ulikaa katika mstari mmoja, na alijivunia jambo hilo kama mtu aliyeingiza mavuno yote katika kikapu kimoja.

Mwaka mmoja nyuma Emérita alimwuliza maana ya alama hizo. Symphorien alimwelezea haraka, amesimama, huku akinawa mikono. "Unaona? Muntu akiwa anakufa, huwezi kusoma hadisi. Alama moja, jicho moja, kazi imekwisha." Emérita aliitikia kwa kichwa. Hakuwa ameelewa hata nusu, lakini aliona haya kuuliza mara ya pili. Na wagonjwa mahututi aliwashughulikia Symphorien mwenyewe katika chumba kidogo, akimtuma yeye kuchemsha maji na kuwatuliza ndugu nje.

Sasa aliifungua kaye juu ya meza, akatafuta ukurasa wa malaria kali. Mstari ulikuwa huu:

Q 2 / S 500 → 4

Hapakuwa na neno hata moja.

Herufi alizijua. Q ni kinini. S ni serumu. Mbili ni ampule mbili, kwa sababu kinini kilikuja katika ampule. Mia tano ni ile chupa kubwa. Vilivyobaki ni kamstari kalikolala upande, na mshale, na nne. Alitazama vitu hivyo vitatu mpaka macho yakaingia ukungu.

Alimtuma mtu amwite Mwalimu Isidore, aliyefundisha darasa la tano na aliyesemwa kuwa hakuna karatasi isiyosomeka mbele yake. Kisha alinakili mstari ule katika kipande cha karatasi, akauliza chini yake kwa Kifaransa chake cha taabu: tufanye nini? Alimpa Raphaël, mwindaji aliyekuwa amekuja kutibiwa kidole, mtu mwenye miguu ya kutegemewa.

"Fika Masisi mu hospitali, umupe munganga mukubwa mukononi. Usimupe muntu mwingine."

"Daraja imekatika, dada."

"Najua."

"Kwenda siku tatu, kurudi siku tatu."

"Najua, kaka Raphaël. Wende tu."

Raphaël alimtazama mgonjwa, akamtazama na yeye, akaikunja karatasi ndani ya kofia yake, akaondoka. Yeye, Emérita na Annonciata, wote walijua kwamba mtu mwenye homa ile hangoji siku sita.

Mwalimu Isidore alifika na chaki vidoleni. Aliisogeza kaye dirishani.

"Hii ni hesabu," alisema. "Hako kamstari ni kugawanya. Mbili gawanya kwa mia tano."

"Mwalimu, nikigawanya kinini mara mia tano, hata kuku haitapona."

Isidore aliirudisha kaye mezani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameletewa kitu kilichofanana na hesabu, akakisoma kama hesabu.

Emérita alianza kupekua kaye yote, akitafuta kamstari kale mahali pengine ambapo maana yake aliijua. Alikapata kwenye ukurasa wa kifua: penisilini, kamstari, sulfa. Pale maana yake ilikuwa "ao", kwa kuwa Symphorien alitoa moja ikikosekana nyingine. Alikapata kwenye minyoo: mbili, kamstari, siku. Pale maana yake ilikuwa "kila". Akakapata kwenye upele: moja, kamstari, kumi, yaani sehemu moja ya kiberiti katika sehemu kumi za mafuta. Alama ileile, mkono uleule, wino uleule, na kila ukurasa ilisema neno lake.

"Soma pole, Emérita," Annonciata alisema kutoka kitandani. Alikuwa akimfuta mumewe povu mdomoni kwa pindo la kitenge. "Lakini usikawie."

"Mama, hujawahi kumuona akifanya hii kazi?"

"Mi? Mi nalima maharage, mutoto wangu. Yeye akirudi nyumbani haongei mambo ya hapa."

Symphorien alitikisika. Shingo ilirudi nyuma, miguu ikakaza kama mbao. Isidore alimshika mabega, Annonciata akaita jina la mumewe, lile la nyumbani ambalo Emérita hakuwahi kulisikia. Ilipopita, mgonjwa alifumbua macho na kusema maneno kadhaa wazi kabisa. Emérita aliruka.

"Anasema nini? Mama, anasema nini?"

"Ni Kihunde. Anasema… anasema ng'ombe imeingia mu mutama."

"Muulize kamstari! Muulize kinini na serumu, muulize!"

Annonciata aliinama sikioni mwa mumewe, akauliza kwa Kihunde, mara moja, mara mbili. Symphorien alimjibu kwa upole kwamba mtu amfukuze ng'ombe. Kisha macho yakapotea tena.

Emérita alitoka uani, akanawa uso kwa maji ya mvua. Watu wa barazani walimwangalia. Alipangusa uso, akarudi.

"Mwalimu," alisema, "sikiliza, unisaidie kufikiri. Kama kamstari ni 'ao', basi napiga kinini yenyewe mu mushipa, bila serumu. Kama ni 'ndani ya', basi nachanganya mu chupa, inaingia tone kwa tone."

"Na ukikosea?"

"Ni hiyo nafikiri. Ile inayotona, naweza kuizuia. Nabana mupira na vidole, inasimama. Ile ya sindano ikisha kuingia yote, nitaitoa na nini?"

Isidore aliitikia kwa kichwa. "Basi chagua ile unaweza kuzuia."

Hivyo ndivyo alivyochagua. Hakuelewa mstari, alitafuta tu kosa lililo dogo. Alivunja ampule mbili, akazichanganya katika chupa, akaitundika kwenye msumari wa chandarua. Alikosa mshipa mara ya kwanza, akakosa mara ya pili. Mara ya tatu damu nyeusi ilirudi katika mpira, akafungua, na tone la kwanza likashuka. Ilikuwa kama saa tatu asubuhi.

Yeye na Annonciata walikaa huku na huku kwa kitanda, wakihesabu matone, kila mmoja kwa lugha yake. Mgonjwa hakufa. Kwa muda huo wa kwanza ilitosha.

Chupa ilipokaribia kwisha, mshale ulianza kumtesa. Aliutafuta nao katika kurasa zote. Kwenye vidonda mshale ulisema "kisha": osha, kisha kausha, kisha paka. Kwenye kifua ulisema "mpaka": penisilini mpaka siku tano, na pale neno siku lilikuwa na herufi yake. Lakini hapa palikuwa na mshale na nne tu. Nne bila rafiki.

"Mpaka nne," Isidore alisema. "Nne gani kama si chupa? Kitu cha mwisho alichoandika kabla ya mshale ni chupa."

Safari hii maneno ya mwalimu yalionekana ya maana. Emérita alitazama kabati: chupa zilizobaki zilikuwa nne. Alimtazama Symphorien: moto uleule, meno yaleyale yaliyobana. Hakujua kwamba kinini kingi nacho ni sumu. Hakuna aliyewahi kumwambia. Alichojua ni kwamba dawa ilikuwa ikiisha na mtu bado anakufa.

"Ongeza," Annonciata alisema. "Dada Emérita, nakuomba, ongeza. Usiache chupa ikauke na yeye bado iko vile."

Alitundika chupa ya pili. Mchana alitundika ya tatu, kila chupa na ampule zake mbili. Kwa kuwa mvua ilirudi na watu wa barazani wakaingia ndani wote, wakasimama ukutani wakitazama, aliogopa pia macho yao. Aliogopa mtu aseme kwamba alimwacha infirmier wao afe kwa ubahili. Ya nne iliisha jioni, kabla ya taa kuwashwa. Homa ilikuwa imeshuka. Shingo ililegea. Symphorien alilala usingizi unaofanana na usingizi wa watu.

Kesho yake asubuhi aliomba maji. Annonciata alipiga kelele ya furaha, na barazani akina mama wa kanisa wakaanza wimbo. Emérita alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, akilia na kucheka, akimwambia, "Papa, umerudi, Papa, umerudi."

Symphorien alimtazama mdomo. Akamtazama mkewe mdomo. Paji la uso lilikunjana.

"Mbona munachezesha midomo tu?" alisema, kwa sauti kubwa mno. "Semeni."

Wimbo nje ulikuwa umefika kwenye kiitikio. Kila mtu aliyekuwa chumbani alikuwa akiusikia.

Siku mbili za kwanza alisema itapita. Masikio yalikuwa yakilia, alisema, kama nyuki ndani ya mzinga, na mlio huo ni wa kinini, kila anayekunywa kinini anaujua. Siku ya tatu nyuki walinyamaza, na hakuna kilichochukua nafasi yao. Aligonga kikombe kwa kijiko, karibu na sikio la kulia, karibu na la kushoto. Kisha aliomba kibao cha kuandikia. Isidore alileta kimoja cha shule, pamoja na chaki.

"Chupa ngapi?" Symphorien aliuliza.

Emérita alichukua chaki. Aliandika 4.

"Ine?" Alisoma tena. "Chupa ine? Siku moja?"

Emérita aliitikia kwa kichwa.

"Masaa ine!" Symphorien alipaza sauti hadi kuku wakatawanyika uani. "Chupa moja, masaa ine! Kisha unangoja mpaka kesho yake! Nani alikwambia chupa ine?"

Emérita alifungua kaye ya bluu kwenye ukurasa ule, akaiweka mapajani mwa Symphorien, akatia kidole chini ya mshale. Kisha akachukua chaki na kuandika kwenye kibao: Hukuandika masaa.

Symphorien alitazama mshale wake mwenyewe. Halafu akakitupa kibao ukutani, kikavunjika vipande viwili.

Emérita aliondoka bila kuaga. Alishuka hadi mashamba ya muhogo, akapita mipaka ya kwao, akaenda mpaka mahali njia ya Pinga inapoingia msituni, akakaa juu ya gogo. Dada yake aliolewa Pinga. Angeweza kufika huko, akalima, akawa mtu asiyegusa sindano tena maishani. Alifikiri pia mambo mengine, mabaya zaidi, kwa kuwa mto ulikuwa karibu na mvua ilikuwa imeujaza. Alifikiri kwamba alikuwa amempokonya mtu masikio, mtu ambaye alimsikiliza mgonjwa kifuani kwa sikio lake tupu kwa sababu kipimo cha kusikilizia kilivunjika na hakikuletwa kingine. Infirmier kiziwi angesikiliza nini?

Annonciata alimfuata huko. Alikaa kwenye gogo, mbali kidogo.

"Sikuja kukubembeleza," alisema. "Jana nilikuwa na hamu ya kukupiga. Leo asubuhi niliamka, nikakuta anapumua. Sijue kama nikushukuru ao nikulaani. Nitafanya yote mawili, siku moja moja."

"Niko naenda Pinga, Mama."

"Na wale wa barazani? Yeye hasikii, wewe uko Pinga. Basi tufunge mulango, tuwaambie wakufe nyumbani?"

Walikaa pale mpaka mvua ikawatoa, wakarudi Ntoto pamoja.

Raphaël alirudi siku ya saba, miguu imevimba, akiwa na barua. Alimpa Emérita, lakini Symphorien, aliyekuwa amekaa nje juani, alinyoosha mkono akaichukua. Barua ilikuwa fupi. Daktari wa Masisi aliandika kwamba ameiona karatasi, na kwamba herufi anazielewa, lakini ule mstari na ule mshale hawezi kusema vina maana gani, kwa kuwa kila infirmier ana vyake, na mtu akikisia anaweza kuua. Tafadhali, aliandika, mniulize tena kwa maneno kamili, hata yakiwa marefu, nami nitajibu mara moja.

Symphorien aliisoma, akaikunja, akaifungua, akaisoma tena. Miaka ishirini alikuwa amemheshimu daktari yeyote kama askofu. Ikiwa daktari hakuweza kuusoma mstari wake, basi nani angeweza? Emérita aliona midomo yake ikitembea juu ya yale maneno, kila infirmier ana vyake, kila infirmier ana vyake. Kisha infirmier alifunika uso kwa barua ile na mabega yakaanza kutikisika. Alilia kwa sauti asiyoweza kuipima, sauti ya ng'ombe aliyekwama, na watu walioketi barazani waliinuka mmoja mmoja wakaenda kusimama mbali, kwa heshima.

Juma lililofuata Symphorien alimwita Emérita. "Lete kaye. Isidore atatupatia karatasi. Nimemuomba, akaniandikia atang'oa kurasa za nyuma za madaftari ya shule. Mi nitasema, wewe utaandika. Kwa maneno. Kwa Kiswahili, hata muntu wa darasa la tatu asome."

Wakaanza na malaria. Emérita aliandika: Chukua ampule mbili za kinini. Uzichanganye ndani ya chupa moja ya serumu. Iingie mushipani pole pole kwa masaa manne. Usipige kinini peke yake mushipani hata siku moja. Moyo unaweza kusimama. Kisha acha, ungoje mpaka kesho.

Alipofika kwenye "moyo unaweza kusimama", kalamu ilimponyoka. Symphorien aliona.

"Hapo ulisoma vizuri," alisema. Hakusema zaidi ya hapo.

Kazi ilikuwa ya polepole. Mstari mmoja wa zamani ulijaza nusu ukurasa. Symphorien alisema kwa kelele, kwa hiyo wagonjwa wote nje walisikia namna ya kutibu minyoo na kaswende, wakacheka, wakanyamaza. Mara nyingi alikasirika. "Maneno mengi! Muntu atakufa wewe bado unasoma!" Emérita aliandika kwenye kipande cha kibao: Afadhali nichelewe kusoma. Symphorien alikuwa na haki, na Emérita pia alikuwa na haki, na wote wawili walijua. Mgonjwa wa kuhara aliyekauka hangoji nusu ukurasa. Waliyoyajua kwa moyo wangeweza kuyafanya bila kusoma. Yale wasiyoyajua ndiyo yaliyohitaji maneno, na hayo yalikuwa mengi.

Siku ya tisa walifika kwenye degedege la watoto. Mstari ulikuwa na herufi moja ya dawa, nusu, alama iliyofungua mdomo upande mmoja, kumi, kisha kamstari, kisha kaduara kenye nukta katikati.

Symphorien alianza kusema, akasimama. Akaisogeza kaye karibu na macho. Akaipeleka mbali.

"Nusu kidonge," alisema. "Chini ya kumi."

Emérita aliandika kwenye kibao: Kumi nini? Miaka? Kilo?

Mtoto wa miaka tisa na mtoto wa kilo tisa si mtoto mmoja. Mmoja anachunga mbuzi, mwingine hajaanza kutembea.

Emérita aliongeza chini: Na kaduara?

"Ngoja," alisema Symphorien. "Ngoja kwanza." Alifumba macho. Jasho lilimtoka kwenye mdomo wa juu. "Niliandika hii mu mwezi wa… mchwa walikuwa wamefika hapa. Daktari alikuwa amesema…" Alifumbua macho, akaitazama alama yake kama mtu anayemtazama mgeni aliyemkuta amekaa nyumbani mwake. "Nani aliandika hii?"

Aliagiza rejista ya wagonjwa. Walitafuta pamoja, Emérita akipitisha kidole. Tangu kaye iandikwe, dawa ile ilikuwa imetolewa kwa watoto wawili. Wa kwanza alikuwa binti wa Françoise, mfinyanzi wa ng'ambo ya mto. Alirudi nyumbani mzima. Wa pili alikuwa mtoto wa watu waliokuwa wakipita, na pembeni ya jina lake Symphorien alikuwa ameweka msalaba mdogo, alama ya kifo. Uzito haukuandikwa. Kipimo hakikuandikwa. Palikuwa na kaduara na nukta tu, kwa watoto wote wawili, sawasawa.

Symphorien aliweka kiganja juu ya ukurasa ule, akaufunika.

"Sikumbuki," alisema. Kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa, sauti yake ilitoka ndogo. "Emérita, sijue kama yule mutoto aliuliwa na ugonjwa ao ni mi."

Emérita alichovya kalamu katika wino, akaandika kwa herufi kubwa juu ya ukurasa mpya: Degedege ya watoto. Chini yake aliandika: Hatujui kipimo cha hii dawa. Usiitoe. Upunguze homa kwa maji, umulaze mutoto ubavu, umupeleke Masisi.

Alimgeuzia asome.

"Masisi iko siku tatu ya kubebwa na kipoyi," Symphorien alisema. "Mutoto wa degedege hamalizi siku tatu."

Emérita alichukua kipande cha kibao. Aliandika neno moja, akamwonyesha: Najua.

Kisha alipuliza wino ukauke, akafungua ukurasa uliofuata.